Mshauri na Umri Wake

Mada ya leo haihusu dalili za ugonjwa wala ratiba ya chanjo. Inahusu mtu anayeketi upande wa pili wa meza, yule tunayemwita mshauri nasaha, na kitu kimoja ambacho hawezi kukiacha mlangoni anapoingia kazini, yaani umri wake. Ikiwa unajifunza kazi hii, au unafikiria kujifunza, au umewahi kuketi mbele ya mshauri ukajiuliza moyoni, "Huyu mtoto ataniambia nini?", basi soma pamoja nami.

Nianze na kisa changu mwenyewe, maana si vizuri kuwachambua wengine huku nimejificha.

Mwaka wa 2003 nilikuwa na miaka 24 na cheti kipya mkononi. Nilikuwa nimepewa chumba kidogo katika kituo cha VCT si mbali na Kangari. Wanaoijua Kangari wanajua ilivyo: iko juu kwenye miteremko ya Nyandarua, sehemu za Kigumo, mahali pa chai na ukungu, ambapo asubuhi mtu huweza kupita karibu nawe usimtambue mpaka akusalimu. Asubuhi moja ya namna hiyo aliingia mwanamume wa miaka 50 na kitu, amevaa koti la mvua na gambuti, akitoka kupeleka majani yake kituo cha kununulia chai. Nilimsalimu kwa heshima. Nilimwita baba. Kisha nikafanya kila kitu jinsi nilivyofundishwa, ila kwa haraka. Maswali yaliyohusu mke wake na wapenzi wengine niliyasoma kwenye karatasi bila kuinua macho. Nilipofika kwenye neno kondomu nilikohoa. Yeye akajibu la, la, la, mpaka mwisho. Wakati wa kutoa damu kidoleni ulipofika, alisema amekumbuka ng'ombe wake hajakamuliwa, na kwamba angerudi. Hakurudi.

Jioni nilimweleza msimamizi wangu, mama aliyekuwa amekaribia umri wa kustaafu. Akaniuliza, "Pale kitini alikuwa ameketi nani?" Nikasema, mteja. Akauliza tena swali lilelile. Nikasema, mkulima wa chai. Mara ya tatu nikasema, "Baba yangu." Hakuongeza neno, ila aliniuliza, "Na wewe ulikuwa nani?"

Usilichukulie jambo hili kama aibu ndogo ya msichana. Mwaka huo dawa za kupunguza makali ya virusi ndizo kwanza zilikuwa zinaanza kufika katika hospitali za serikali, na wengi walikuwa wakizilipia. Kujua hali yako mapema kulimaanisha kutibiwa kifua kikuu kabla hakijakumaliza, na kumkinga mke kabla hajaambukizwa. Mtu aliyetoka chumbani mwangu bila majibu alitoka bila hayo yote. Kama alikuwa mzima, sawa. Kama hakuwa mzima, basi macho yangu yaliyoshindwa kuinuka yalikuwa na sehemu katika yaliyompata.

Nimelifikiria swali la mama yule kwa zaidi ya miaka 20. Ili kulijibu vizuri inatubidi kurudi nyuma, mbali kuliko Ukimwi.

Nani alizungumza na nani

Katika nchi hii yetu inayouzunguka Mlima Kenya, kutoka Murang'a na Nyeri mpaka Embu na Meru, mtu hakuwa mtu tu. Alikuwa wa rika fulani. Kwa Wagikuyu, waliotahiriwa pamoja walikuwa riika moja, na riika ilipewa jina la jambo kubwa la wakati huo. Hapa kuna kitu ambacho sisi wa afya tungepaswa kukijua zaidi. Baadhi ya majina hayo ni majina ya magonjwa. Miaka ya 1890, ndui ilipopita ikiua watu na ng'ombe wakifa kwa maradhi yao, kulikuwa na riika iliyoitwa Mutung'u, yaani ndui. Nyingine ya karibu na wakati huo iliitwa Gatego, ambayo ni maradhi ya zinaa. Waliotahiriwa miaka ya 1920, ndege ilipoonekana angani, wakaitwa Ndege. Kwa hiyo mzee akikwambia jina la riika yake alikuwa anakupa umri wake na historia ya afya ya kijiji chake kwa neno moja.

Rika ndiyo iliyoamua nani angezungumza na nani kuhusu mwili. Kijana aliyetahiriwa alikuwa na mtiiri wake, mtu mzima aliyemshika mabega siku ile, akamuuguza na kumfundisha mpaka alipopona. Mafunzo hayo, kirira, yalihusu ndoa, heshima, damu, uzazi na yale yasiyotamkwa mezani. Wasichana nao walikuwa na wasimamizi wao wanawake, na juu yao kulikuwa na akina mama wazee, nyakinyua. Jomo Kenyatta aliandika kwa kirefu juu ya ngazi hizi katika kitabu chake cha mwaka wa 1938, Facing Mount Kenya, na ingawa alikuwa akiitetea mila ile kwa wasomaji wa Uingereza na hivyo kuipamba mahali pengine, mpangilio wenyewe wazee wetu waliukumbuka vivyo hivyo.

Sasa angalia aliyekosekana katika mpangilio huo. Baba mzazi hakuwa mwalimu wa mwanawe kuhusu mambo ya kitandani, wala mama kwa bintiye hakuwa wa kwanza. Kati ya mzazi na mtoto palikuwa na pazia. Mtu alimheshimu kila wa riika ya baba yake kama baba, na kila mke wa riika hiyo kama mama, na mbele yao maneno fulani hayakutoka kinywani.

Lakini kati ya babu na mjukuu pazia hilo halikuwepo. Wewe uliyezaliwa huku unajua. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa nyanya zao. Shosho humwita mjukuu wake mume wangu, humtania, humuuliza lini atamletea kuni. Guka naye humwita mjukuu wa kike bibi yangu. Hata vizazi vikubwa vya utawala, Maina na Mwangi, vilipokezana kwa zamu, hivi kwamba babu na mjukuu waliangukia upande mmoja na baba akabaki upande wa pili. Katika mawazo ya watu wetu, miaka 50 ya tofauti ilikuwa karibu kuliko miaka 25.

Hili si jambo la vitabuni tu. Nilipokuwa mafunzoni, mwalimu wetu alitupa kila mmoja kipande cha karatasi na kusema, "Andika umri wa mtu ambaye huwezi kumtamkia neno kondomu." Tulikuwa darasa la watu 20 hivi, wengi vijana. Karatasi zilipokusanywa na kusomwa, karibu zote zilikuwa na umri wa kati ya miaka 45 na 60. Hakuna aliyeandika 80. Tulicheka sana siku ile, na nadhani hatukuelewa tulichokuwa tunacheka. Laiti ningelikumbuka zoezi lile asubuhi ile ya koti la mvua.

Pazia lilipopasuka

Mpangilio huo ulikuwa umekwisha kutikiswa kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Wamisionari wa Kiskoti walijenga Tumutumu, karibu na Karatina, mwanzoni mwa karne iliyopita, na baadaye Chogoria upande wa mashariki wa mlima. Waliacha hospitali ambazo zinatutibu mpaka leo. Mwaka wa 1929 walipowataka waumini waweke kidole gumba, kirore, kuapa kwamba wameacha tohara ya wasichana, makanisa yaligawanyika na shule za kujitegemea zikachipuka. Mimi nasimama na wale waliopinga ukeketaji, na sheria ya nchi ya mwaka wa 2011 inasimama hapo pia. Hata hivyo yako mawili yaliyokuwa yamefungwa pamoja, kisu na mafunzo, na wengi waliokitupa kisu waliyatupa mafunzo pamoja nacho bila kuweka kitu mahali pake.

Kilichotokea Meru kinaonyesha hatari hiyo kuliko mahali popote ninapopajua. Mwezi wa Aprili 1956, wakati wa Hali ya Hatari, wazee wa Njuri Ncheke walipiga marufuku tohara ya wasichana. Wazee wa kiume, serikali ya kikoloni nyuma yao, wakatoa uamuzi juu ya jambo lililokuwa mikononi mwa wanawake wazee. Wasichana walifanya nini? Walinunua wembe madukani, wakaenda vichakani, wakatahiriana wenyewe kwa wenyewe. Waliitwa Ngaitana, maana yake nitajitahiri mwenyewe. Katika miaka mitatu iliyofuata, watu zaidi ya 2,400, wasichana wenyewe pamoja na wanaume na wanawake wazima, walishtakiwa kwa kuvunja marufuku ile.

Fikiria, msomaji. Watoto wa kike, wengine wadogo kuliko umri wa zamani wa tohara, wakifanyiana jambo la hatari bila mtu mzima wa kuwashika mabega. Wazee walikuwa na uamuzi mzuri. Walichokosa ni kuketi na wale ambao uamuzi uliwahusu. Sidhani hata mmoja wao alijiuliza, mimi ni nani machoni pa msichana huyu?

Ilichukua miaka 40 kabla ya jaribio la namna nyingine. Mwaka wa 1996 huko Tharaka, chama cha Maendeleo ya Wanawake kikishirikiana na shirika la PATH kilisaidia familia kuanzisha Ntanira na Mugambo, tohara kwa maneno. Wasichana walikaa ndani kwa siku kadhaa wakifundishwa, kila mmoja akiwa na mwanamke mzima wa kumsimamia, kisha wakatoka kwa shangwe na zawadi, bila kukatwa. Walioibuni waliona kwamba msimamizi ndiye aliyekuwa anahitajika tangu mwanzo. Makanisa mengi huku kwetu hufanya mfano wa hayo kwa wavulana kila Desemba baada ya mitihani, wakiwapeleka hospitalini halafu kuwaweka pamoja kwa mafunzo. Ubora wake hutofautiana sana. Mahali pengine kijana hutoka na hekima, pengine hutoka na hotuba tu.

Jina lenye mtego

Tuje sasa kwenye kazi yenyewe. Kisa cha kwanza cha Ukimwi nchini Kenya kiligunduliwa mwaka wa 1984. Kwa miaka mingi mgonjwa alipimwa bila kuulizwa na kuambiwa, au kutoambiwa, na daktari aliyekuwa na haraka. Majirani zetu wa Uganda walitangulia kutafuta njia nyingine. Mwaka wa 1987 Noerine Kaleeba, ambaye mumewe alikuwa amefariki kwa ugonjwa huo, pamoja na wenzake wachache, baadhi yao wakiwa na virusi wenyewe, walianzisha TASO. Mwaka wa 1990 Kampala ikapata kituo cha watu kwenda kupimwa kwa hiari na kwa siri. Kwetu, Rais Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la taifa mwezi wa Novemba 1999, na mwaka wa 2001 ukatoka mwongozo wa taifa wa ushauri na upimaji wa hiari. Baada ya hapo vituo viliota kama uyoga. Unakumbuka mabango ya Chanukeni Pamoja? Vituo vile vilihitaji washauri kwa maelfu, upesi, na waliopatikana walikuwa wauguzi, walimu, watu wa kanisa, na vijana kama mimi.

Tuliitwa washauri nasaha. Hebu litazame jina hilo. Shauri ni kumwambia mtu la kufanya. Nasaha nayo ni maonyo mema ya kumwambia mtu la kufanya. Jina letu linasema jambo lile mara mbili, na kazi tuliyofundishwa ilikuwa kinyume chake! Ilitokana kwa sehemu kubwa na Carl Rogers, Mmarekani aliyeandika kwamba mtu mwenye shida ndiye anayejua njia yake, na kwamba kazi ya mshauri ni kumsikiliza kikweli, bila kumhukumu na bila kuvaa uso wa bandia, mpaka mwenyewe aione. Kwa hivyo neno la Kiswahili lilimvuta mshauri upande wa mzee wa kirira, na mwalimu wake akamvuta upande wa Rogers.

Waliovutwa zaidi walikuwa wenzetu wenye umri mkubwa. Darasani kwetu kulikuwa na mwalimu mstaafu, mtu mwema sana. Katika igizo, msichana wa miaka 19 akicheza mteja mjamzito, mzee alimsikiliza kwa dakika mbili kisha akaanza, "Sasa nikuambie, mwanangu." Alizungumza dakika 11. Tulizihesabu. Alipomaliza aliona amemsaidia, na msichana alikuwa anaangalia viatu vyake. Umri ulikuwa umempa mzee yule ruhusa ya kusema, na maisha yake yote watu walikuwa wamemshukuru kwa kusema. Nani angemlaumu? Mimi umri wangu ulininyima ruhusa, nikashindwa kuuliza. Yeye umri wake ulimpa ruhusa tele, akashindwa kunyamaza. Ni ugonjwa mmoja wenye dalili mbili.

Dawa yake, walimu wetu walisema, ni kujitambua. Walituchorea dirisha lenye vioo vinne: yale ninayoyajua juu yangu na wewe unayajua, yale ninayoyajua nikakuficha, yale unayoyaona kwangu lakini mimi siyaoni, na yale asiyeyajua yeyote kati yetu. Linaitwa Dirisha la Johari. Wengi wetu tuliamini ni neno letu, johari, kito cha thamani, tukalipenda zaidi kwa sababu hiyo. Kumbe ni majina ya Wamarekani wawili, Joseph Luft na Harrington Ingham, waliolibuni mwaka wa 1955 wakaunganisha Joe na Harry. Mimi naendelea kuliita kito.

Kioo cha tatu ndicho kilichonipata. Mkulima yule wa chai aliona mbele yake binti aliyeogopa. Mimi nilidhani anaona mshauri mwenye cheti. Jambo hili halikugunduliwa Kenya wala halihusu Wagikuyu peke yao. Sigmund Freud kule Vienna aliandika mwaka wa 1910 kwamba mgonjwa humwamshia mganga wake hisia za zamani asizozitambua, na kwamba mganga asipozijua hisia hizo zitaharibu kazi. Watu wa fani humpa jambo hilo jina refu. Msimamizi wangu alilisema kwa maneno machache: nani ameketi pale, na wewe ni nani?

Haitoshi kulinganisha umri

Utasema, basi dawa ni rahisi, mpe kijana mshauri kijana na mzee mshauri mzee. Wazo hilo lilijaribiwa, na lina uzuri wake. Mwongozo wa 2001 uliruhusu walio chini ya miaka 18 kupimwa kwa idhini yao wenyewe ikiwa wameolewa, ni wajawazito, ni wazazi, au wanaishi kwa namna inayowahatarisha, na sheria ya Ukimwi ya mwaka wa 2006 ikaweka milango inayofanana na hiyo. Kwa hiyo wasichana wa miaka 16 walianza kuingia. Wengi walipomkuta nesi wa umri wa mama yao walimwona mama, au mbaya zaidi, mwalimu mkuu. Mwaka wa 2005 wizara ya afya ilitoa mwongozo wa huduma zinazowafaa vijana, na vyumba vya vijana vikafunguliwa hospitalini. Waliofika waliongea zaidi. Mimi ni shahidi.

Ila rika nayo ina mitego yake, hasa katika mji mdogo. Wakati wa mababu, wa riika moja walikuwa kama ndugu, na ilikuwa vigumu kumnyima mwenzako kitu. Ukimpa mteja mshauri wa rika yake hapa Kangari, huenda walisoma darasa moja, huenda wamewahi kumpenda msichana mmoja. Kijana mshauri naye husahau aliko. Anasikia, "Nilikuwa nimelewa," anajibu, "Hata mimi siku moja," na kabla hujajua kikao kimekuwa chake. Mzee kwa mzee ni hivyo hivyo. Wanakubaliana haraka kwamba vijana wa siku hizi wameharibika, na swali la kipimo linapotelea hapo.

Nakumbuka kikongwe mmoja, karibu miaka 80 hivi, aliyekuja akiwa na mjukuu aliyemlea baada ya binti yake kufariki. Wakati huo shosho wengi walikuwa wakilea yatima kote nchini. Mimi nilikuwa na miaka 27. Nilijitayarisha kwa pazia, nikakuta hakuna pazia. Aliniuliza nimeolewa, nikasema bado, akasema wanaume wa siku hizi ni vipofu. Kisha akaniuliza maswali ya wazi kabisa kuhusu mtoto yule, damu, mate, vidonda, na siku atakapouliza kwa nini anakunywa dawa, maswali ambayo mkulima wa miaka 50 asingeyathubutu. Nilirudi nyumbani nikifikiria karatasi zile za darasani. Hakuna aliyeandika 80.

Tangu siku hiyo nimekuwa na mazoea, na nayatoa kwako kama mazoea ya mtu mmoja tu. Kabla sijafungua mlango nauliza umri wa mtu aliye nje, kisha najiuliza angekuwa nani nyumbani kwetu. Akiwa wa umri wa baba, najua sauti yangu itapanda na kasi yangu itaongezeka, basi naketi kwanza, naweka karatasi kando. Simwiti baba. Namwita mzee, au kwa jina la mtoto wake, Baba fulani, kama anavyoitwa sokoni, maana heshima ni lazima lakini ubinti si lazima. Na mara nyingine nalisema lenyewe: "Mzee, naona mimi ni wa umri wa watoto wako. Kuna maswali nitakayouliza ambayo nyumbani nisingeuliza. Hapa ni kazi yangu." Wengi hupumua. Mmoja aliniambia, "Hata daktari wa meno hukutazama mdomoni."

Siku hizi niko upande mwingine. Nina miaka 40 na kitu, na vijana wanaoingia wananiona mimi ndiye pazia. Mzee yule wa dakika 11 ameanza kukaa ndani yangu. Namsikia akisafisha koo.

Mambo mengi yamebadilika. Tangu mwaka wa 2016 kila anayepatikana na virusi huanzishiwa dawa mara moja. Mwaka wa 2017 vipimo vya kujipima vilianza kutolewa, na mtu anaweza kujipima chumbani kwake, mlango umefungwa, bila uso wa mtu yeyote. Sheria ya mwaka wa 2014 imewataka washauri wasajiliwe kama watu wa taaluma. Kuna waliodhani swali la umri lingekwisha pale kipimo kilipoingia kwenye pakiti. Kwa uzoefu wangu, mstari wa pili ukitokea, mtu hutoka nje kutafuta mtu. Na mtu huyo ana umri.

Kuhusu mkulima wa chai, nilimwona tena zaidi ya mwaka mmoja baadaye, kwenye kituo cha kununulia, akipanga kikapu chake kwenye foleni. Alinisalimu kwa uchangamfu na kuniuliza habari za wazazi. Nilijibu kwamba hawajambo. Ng'ombe wake sikumuuliza, naye hakunieleza kama alipimwa kwingine. Lori lilifika, watu wakasogea, nikaendelea na safari yangu ya kazini.

Juma lijalo, panapo majaliwa, tutaendelea na mada ya siri katika ushauri: nani anastahili kujua, na nani hastahili. Mpaka hapo, mpenzi msomaji, kwaheri.